Weusi wa Rue, Weupe wa Ged

Amandla Stenberg, mwigizaji wa Marekani, amelaumiwa mara mbili kwa ajili ya ngozi yake, na lawama ya pili ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza. Machi 2012, akiwa binti wa miaka 13, alionekana kwenye filamu ya The Hunger Games akiwa ameuvaa uhusika wa Rue, mtoto mdogo kuliko wote waliotupwa uwanjani wauane mbele ya kamera. Filamu ilipotoka tu, mitandao ikafurika watu waliokasirika: tangu lini Rue akawa mweusi? Wapo walioandika bila haya kwamba kifo chake hakikuwachoma kama kilivyowachoma walipokisoma kitabuni. Januari 2025 ikatangazwa kwamba Stenberg, sasa mtu mzima, ndiye atakayekuwa Amari katika filamu ya Children of Blood and Bone, inayotokana na riwaya ya Tomi Adeyemi ya mwaka 2018. Safari hii wengi wa waliokasirika walikuwa wasomaji weusi, na swali lao lilikuwa: mbona mweupe hivi? Mama yake ni Mmarekani mweusi, baba yake ni mtu wa Denmark, na ngozi aliyokuwa nayo mwaka 2012 ndiyo aliyonayo leo. Hakupaka mkorogo. Kilichobadilika ni kitabu kilichowekwa mbele yake.

Tuanze na hilo la Rue, maana ndilo rahisi. Suzanne Collins, katika riwaya yake ya 2008, anaeleza wazi kwamba Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza, na kwamba Thresh, kijana aliyetoka naye Wilaya ya 11, ni wa rangi hiyohiyo. Halikuwa fumbo la kufumbua. Waliotengeneza filamu walifuata maandishi: Rue akawa Stenberg, Thresh akawa Dayo Okeniyi, kijana aliyezaliwa Nigeria kwa baba Mnaijeria na mama Mkenya. Waliodai kwamba kitabu kimesalitiwa ndio ambao hawakukisoma. Au walikisoma, macho yakaruka ile sentensi, kwa kuwa kichwani tayari walikuwa wameshamchora mtoto mweupe na mchoro umekauka. Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa mhusika mkuu mwenyewe, Katniss, ambaye Collins anampa nywele nyeusi, macho ya kijivu na ngozi ya rangi ya zeituni. Rangi ya zeituni ni ipi? Msomaji wa Tanga anaweza kumwona msichana maji ya kunde. Msomaji wa Roma atamwona jirani yake. Hapo palikuwa na nafasi ya ubishi wa haki, kwani maandishi yanaacha mlango wazi. Tangazo la kutafuta mwigizaji ndilo lililoufunga, lilipotaka msichana mzungu kabla mtu mwingine hajapiga hodi. Nafasi ikamwendea Jennifer Lawrence, akazitia nywele zake rangi ya kukoza, kazi ikaendelea.

Tangu wakati huo, kila riwaya ya fantasia, yaani ule utunzi unaojijengea dunia yake yenye wachawi, majoka na falme zisizo kwenye ramani, inapopelekwa kwenye skrini, ugomvi huu hurudi. Na pande zote hukimbilia neno moja: uaminifu. Mmoja anasema mwandishi aliandika hivi, kwa hiyo muoneshe hivi. Mwingine anajibu kwamba mwandishi hakusema, kwa hiyo tuna ruhusa. Wote wawili wanakisoma kitabu kama fomu ya polisi ya kumtafuta mtu aliyepotea: urefu, rangi, alama za usoni. Ninaona swali lenye faida zaidi ni jingine: rangi ya mhusika huyu inafanya kazi gani ndani ya hadithi? Kama ina kazi, anayeiondoa ana deni, na lazima aoneshe kazi hiyo sasa inafanywa na nini. Kama haina kazi, basi haikuwa mali ya kitabu, ilikuwa mazoea ya msomaji, na mazoea hayana hatimiliki. Swali hili halina upande. Litawaumbua baadhi ya wanaojiita walinzi wa vitabu, na litawaumbua vilevile watengenezaji wanaojipongeza kwa kuweka sura mpya kwenye bango.

Ushahidi mzito kuliko wote uko kwa Ursula K. Le Guin, na inashangaza kwamba hautajwi sana katika magomvi ya leo. A Wizard of Earthsea ilitoka mwaka 1968, zama ambazo mchawi wa vitabu vya Kiingereza alikuwa mzee mweupe mwenye ndevu nyeupe. Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia aliyetumia maisha yake kuandika habari za wenyeji wa asili wa California, na alijua alichokuwa akifanya. Ged, shujaa wake, ana rangi ya shaba inayoelekea wekundu. Rafiki yake Vetch ni mweusi hasa. Karibu watu wote wa visiwa vya Earthsea ni weusi au maji ya kunde. Weupe wapo pia: ni Wakargi, wavamizi wanaokuja kwa merikebu kutoka upande wa mashariki, wanachoma vijiji na kuua, nao ndio wanaohesabiwa kuwa washenzi na watu wa visiwani. Tena mwandishi hakupiga mbiu. Aliiacha rangi ya Ged idondoke polepole, neno hapa neno pale, ili msomaji mweupe awe ameshaingia ndani ya ngozi ile kabla hajatambua ni ngozi ya namna gani. Huo ni ufundi wa kutega, na mtego wenyewe ni rangi.

Desemba 2004 kituo cha televisheni cha Sci Fi nchini Marekani kikaonesha Legend of Earthsea. Ged akawa Shawn Ashmore, kijana mweupe kutoka Kanada. Mweusi aliyepata nafasi ya kuonekana ni Danny Glover, aliyepewa kuwa Ogion, mwalimu mzee mwenye hekima; Hollywood haijawahi kuona tabu kumpa mtu mweusi kazi ya kumshauri shujaa. Na Tenar, ambaye kitabuni ni Mkargi, yaani mmoja wa wale weupe, akaigizwa na Kristin Kreuk, ambaye mama yake ana asili ya Kichina. Kwa maneno mengine, shujaa wa rangi amekuwa mzungu na mzungu amekuwa mtu wa rangi, kama fulana iliyovaliwa ndani nje. Le Guin alilalamika hadharani mwezi huohuo katika jarida la Slate, akieleza kwamba rangi za wahusika wake zilikuwa za makusudi tangu mwanzo na kwamba yeye aliwekwa kando katika maamuzi. Wengi walilisoma lalamiko lile kama suala la heshima kwa watu weusi, na ni kweli lilikuwa hivyo. Lakini lilikuwa suala la utunzi kwanza. Ukimfanya Ged mweupe, Wakargi wanakuwa wavamizi wa kawaida tu, mtego unafyatuka bila kunasa kitu, na kisa kilichomlazimisha msomaji wa 1968 ajione kwa jicho la yule aliyevamiwa kinageuka kuwa kisa kimoja zaidi cha mvulana na fimbo yake ya uchawi.

Sasa tupeleke swali hilohilo kwa J.R.R. Tolkien, kwa sababu huko ndiko kelele zilikopanda zaidi, Septemba 2022, Amazon ilipoanza kuonesha The Rings of Power, mfululizo uliotokana na maandishi yake. Ismael Cruz Córdova, mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa Arondir, mmoja wa Elfi, wale viumbe wasiozeeka wenye masikio yaliyochongoka. Sophia Nomvete alikuwa Disa, binti wa kifalme wa wale wafupi wachimba migodi. (Kiswahili kina neno mbilikimo, lakini neno hilo limetumika kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, hivyo hata kutafsiri jina la kiumbe cha kubuni kunaweza kumburuza binadamu asiyehusika.) Hoja ya waliopinga si ya kipuuzi. Tolkien aliwahi kuandika kwamba alitamani kuitungia Uingereza visasili vyake, na katika viambatisho vya The Lord of the Rings Elfi wakuu wanaelezwa kuwa warefu na weupe wa ngozi. Sentensi ipo. Lakini katika kurasa za mwanzo za kitabu hichohicho, anapogawa koo za Hobiti, wale watu wafupi aliowabuni, anasema wale wa ukoo wa Harfoot, walio wengi zaidi, ni wa kahawia kuliko wenzao, na hakuna filamu ya Peter Jackson iliyojisumbua na hilo, wala sikumbuki maandamano. Weupe wa Elfi una kazi gani katika kisa? Kinachowatenga na wanadamu ni kutokufa kwao, kumbukumbu yao ndefu, na huzuni ya kuiona dunia ikichakaa wao wakiwa palepale. Hakuna hata tukio moja linaloanguka Elfi wa msituni akiwa na ngozi ya kahawia.

Kuna jambo jingine katika filamu za Jackson za The Lord of the Rings, za 2001 hadi 2003, ambalo linanifanya niitilie shaka ile hoja ya visasili vya Uingereza. Zilipigwa New Zealand. Lurtz, kiongozi wa yale majitu ya vita yenye meno ya kutisha anayempiga shujaa Boromir mishale, aliigizwa na Lawrence Makoare, ambaye ni Mmaori, na huyohuyo alirudi katika filamu ya tatu akiwa Mfalme Mchawi na pia jemadari Gothmog. Watu wa rangi basi walikuwamo katika dunia ya Tolkien ya kwenye skrini tangu siku ya kwanza, ila chini ya mpira na rangi za kupaka, wakinguruma. Mwaka 2010, wakati wa matayarisho ya The Hobbit, mtu mmoja wa kutafuta waigizaji wa ziada alimwambia mwanamke mwenye asili ya Pakistani kwamba ngozi yake ni nyeusi mno kwa Hobiti. Habari ilipovuja, mtu huyo akafukuzwa kazi. Kama dunia ile ilikuwa ya Waingereza watupu, ilikuwa hivyo kwa upande wa wema tu. Na Tolkien mwenyewe, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, alipoulizwa na mchapishaji wa Ujerumani mwaka 1938 kama yeye ni wa damu ya Kiarya, alikasirika mpaka akaandaa majibu makali. Sidai kwamba hilo linamfanya mtetezi wa Arondir. Linaonesha tu kwamba wanaomtanguliza mbele kama ngao wangemuuliza kwanza.

Hata hivyo, upande ninaouunga mkono una hoja moja mbovu inayopendwa sana, nayo ni ile ya majoka. Unakubali joka linaloruka, anaulizwa mpinzani, unashindwa kukubali mtu mweusi? Inachekesha na inafunga mdomo, lakini haijibu kitu. Ngano zina sheria zake za ndani. Katika hadithi zetu Sungura huongea, huvaa, hushitaki na kushitakiwa, na hakuna mtoto anayehoji. Lakini mwambie mtoto huyohuyo kwamba leo Sungura amemshinda Simba kwa nguvu za mikono, atakukatiza hapohapo. Fantasia inahitaji kuaminika zaidi kwa sababu haina ulimwengu wa nje wa kuegemea. Kwa hiyo mtu anapouliza inakuwaje Hobiti wahamaji wachache wa The Rings of Power, wanaojificha vichakani vizazi na vizazi wasionane na mtu mwingine, wawe na rangi zote zinazopatikana ndani ya treni ya London, ameuliza swali la ngano, na anastahili jibu la ngano. Watunzi wangeweza kulijibu kwa sentensi mbili za nasaba. Hawakujisumbua. Arondir naye ameachwa karibu peke yake, hana shangazi wala binamu anayefanana naye, kama punje moja ya pilipili manga kwenye sinia la wali. Aliyemteua alifanya vizuri. Aliyemwandikia ndiye aliyemwacha bila jamaa.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa akili, tazama House of the Dragon, iliyoanza Agosti 2022, chini ya wiki mbili kabla ya ile ya Amazon. Riwaya yake, Fire & Blood ya George R.R. Martin, ilitoka 2018, na ndani yake ukoo wa Velaryon, mabwana wa bahari wenye meli na utajiri kushinda wafalme, ni watu weupe wenye nywele za fedha. Kwenye skrini mkuu wao, Corlys, ni Steve Toussaint, Mwingereza mweusi, na ukoo mzima umefanywa mweusi pamoja naye, nywele za fedha zikabaki. Hapo kuna nasaba: baba, ndugu, watoto, wajukuu. Kisha angalia kilichotokea kwenye kisa. Binti mfalme Rhaenyra anaolewa na Laenor, mwana wa Corlys, asiyevutiwa na wanawake, na watoto watatu wanazaliwa wakiwa na nywele za kahawia, wakifanana na kamanda mmoja wa walinzi. Kitabuni kulikuwa na mwanya wa mashaka, kwa kuwa bibi yao Rhaenys ana nywele nyeusi, na mwenye kutaka kuamini angeweza kusema watoto wamefuata huko. Kwenye skrini mwanya umezibwa kabisa. Watoto ni weupe, baba kwenye cheti ni mweusi, na baraza zima la mfalme linalazimika kutazama na kunyamaza.

Je, tumepata au tumepoteza? Vyote viwili, na ndiyo sababu mfano huu unafaa. Tumepoteza mashaka, na Martin ni mwandishi anayependa mashaka. Riwaya ile imeandikwa kama historia ya wanazuoni wanaopingana. Tulichopata ni uwongo unaoonekana kwa macho na unaolindwa kwa upanga, jambo ambalo televisheni hulifanya vizuri kuliko kitabu. Vaemond, mdogo wake Corlys, anaposimama mbele ya kiti cha enzi na kukataa urithi wa nyumba yao uende kwa watoto wasio wa damu yao, kisha kichwa chake kikakatwa palepale, mtazamaji anamwona mtu mweusi akiuawa kwa kusema kile ambacho kila aliyekuwa ukumbini alikuwa akikiona. Sauti yake ina uzito ambao kitabuni haina. Rangi hapa imeajiriwa, ikapewa kazi iliyokuwa ya nywele, na imeifanya kwa namna yake.

Kazi hiyohiyo inaweza kuja bila kualikwa. Aprili 2025 HBO ilitangaza kwamba katika mfululizo mpya wa Harry Potter, mwalimu Severus Snape ataigizwa na Paapa Essiedu, Mwingereza mwenye asili ya Ghana, mmoja wa waigizaji hodari wa jukwaa la Shakespeare katika kizazi chake. Ukiuliza kama weupe wa Snape una kazi, jibu ni hapana. Kazi inafanywa na pua, nywele zenye mafuta, joho jeusi na kinyongo. Kwa kipimo changu nafasi iko wazi. Lakini kipimo kina upande wa pili: weusi wake utafanya nini? Katika riwaya, Snape akiwa kijana anaonewa na James Potter na marafiki zake, na siku moja wanamning'iniza kichwa chini mbele ya kundi la wanafunzi wanaocheka. Kumbukumbu hiyo imewekwa ili tumwonee huruma Snape bila kumchukia kabisa baba wa shujaa. Ni utovu wa adabu wa vijana. Vijana weupe wakimning'iniza kijana mweusi si utovu wa adabu tena, hasa kwa mtazamaji wa Marekani anayejua miti ilifanyishwa kazi gani huko kusini. Zaidi ya hayo, Snape huyu atajiunga na kundi linalohubiri usafi wa damu. Mtunzi mwenye ujasiri anaweza kuyatumia yote hayo na kupata Snape mwenye kina kuliko wa mwanzo. Mtunzi anayedhani kwamba rangi ni mapambo atajikuta ameandika tukio ambalo hakulikusudia. Matusi ambayo Essiedu amemwagiwa hayana uhusiano na mjadala huu, ni ubaguzi mtupu. Swali nililouliza linawahusu wanaoshika kalamu.

Hermione ni kisa chepesi zaidi. Noma Dumezweni, mzaliwa wa Swaziland kwa wazazi wa Afrika Kusini, alipotangazwa Desemba 2015 kuwa ndiye atakayebeba uhusika huo jijini London katika mchezo wa Harry Potter and the Cursed Child, mwandishi J.K. Rowling alimtetea kwa kusema vitabu havikutaja ngozi nyeupe. Wabishi wakachimba, wakapata katika kitabu cha tatu mahali ambapo uso wa Hermione unaitwa mweupe. Wakashangilia kama wakili aliyepata risiti. Ni wakati wa hofu, na kwa Kiingereza uso wa mtu yeyote huandikwa mweupe akiogopa. Lakini hata tukiwapa risiti yao, binti huyu anaonewa vitabuni kwa ajili ya ukoo wa wazazi wasio wachawi, si kwa ngozi, na kisa chake hakipungui hata nukta. Dumezweni akashinda tuzo ya Olivier mwaka 2017.

Pingamizi kubwa kuliko yote huja kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi: basi mzungu naye aigize Kinjekitile! Nalipenda pingamizi hili, kwa kuwa swali langu linalijibu bila kigugumizi. Katika Kinjekitile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, rangi ina kazi kubwa mno. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ni vita vya watu waliofanywa vibarua kwenye ardhi yao na watu wa rangi nyingine. Ukiwachanganya rangi bila mpango, mtazamaji hatajua nani anamchapa nani viboko na kwa nini. Chukua upande mwingine Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria, na kinachosukuma kisa ni majivuno, woga na haki inayokataliwa. Wajapani wanaweza kuicheza kesho, wakavaa kimono, na kisa kisikose kitu. Sisi wenyewe tumefaidi uhuru huo kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alipotupa Juliasi Kaizari na baadaye, mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, hakuna aliyesimama shuleni kudai kwamba Bruto lazima awe Mtaliano. Tena tazama jina hilo la pili: wafanyabiashara wa Shakespeare wamekuwa mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Iwe mfasiri alikusudia siasa au alitafuta neno tu, kitabu kilibadili rangi yake mbele ya macho ya wasomaji na kikaishi. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya likaenda London, kwenye jukwaa la Globe lenyewe, likacheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Wake wale wa Windsor walikuwa wanawake wa Kiafrika wenye umbea wa kwetu, na Waingereza walicheka.

Atakayesema kwamba mizani bado haijalingana, maana milango ilifunguliwa upande mmoja tu, ana ukweli wake, ila amesahau ni upande gani uliokuwa wazi kwanza. Laurence Olivier alijipaka masizi akawa Othello kwenye filamu ya 1965, na hata Gods of Egypt ya 2016, iliyojaa waigizaji weupe katika nchi ya Mto Nile, iliwalazimu mwongozaji na kampuni waombe radhi kabla haijatoka. Kuhusu nia za makampuni, sina la kuwatetea. Amazon ilitoa mwongozo wake wa kujumuisha watu wa aina zote mwaka 2021, na makampuni yamegundua kwamba mwigizaji mweusi ni ngao nzuri: ukosoaji wa mazungumzo yaliyopooza unajibiwa kwa kuoneshwa matusi ya wabaguzi, na wabaguzi nao wanajificha ndani ya ukosoaji wa mazungumzo yaliyopooza. Anayebaki bila pa kujificha ni mwigizaji.

Lipo neno la mwisho la wapinzani, ambalo husemwa kwa upole: tungeni zenu. Zimetungwa. N.K. Jemisin alitwaa tuzo ya Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Marlon James na Nnedi Okorafor wamejenga dunia nzima kutokana na Afrika. Na Adeyemi, Mmarekani wa wazazi Wanaijeria, ametunga nchi ya Orïsha yenye miungu na lugha ya Kiyoruba, ambayo sasa imeangukia mikononi mwa Gina Prince-Bythewood, mwongozaji mweusi, na waigizaji weusi watupu: Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, Viola Davis, Idris Elba, Cynthia Erivo. Waliodhani ugomvi ungeishia hapo hawakuujua. Baadhi ya Wanaijeria walihoji kwa nini uhusika mkuu haukwenda kwa Mnaijeria, swali ambalo kwa kipimo changu lina uzito wa ajira na lafudhi kuliko wa kisa. La Amari ni tofauti. Katika riwaya, wakubwa wa Orïsha wanatukuza ngozi iliyofifia, wanajificha jua ili wasifanane na wakulima, na weusi wa binti huyu wa mfalme ni jambo la kunong'onezwa mezani, lililomtia mama yake aibu hata akamtafutia dawa za kumng'arisha. Mtu yeyote aliyepita kwenye duka la vipodozi Kariakoo au River Road analielewa hilo bila tafsiri. Rangi hapa ina kazi, tena kazi nzito, na lawama ya 2025 inasimama pale ambapo ile ya 2012 ilianguka.

Haisimami peke yake, hata hivyo. Weusi katika kasri ni jambo la kulinganisha: kama mama na mabibi wanaomzunguka Amari watakuwa weupe kuliko yeye, hata Stenberg anaweza kuwa mweusi wa kusemwa. Kama watakuwa weusi kuliko yeye, minong'ono ile haiwezi kutamkwa bila watu kucheka, na njia itakayobaki ni kuikata. Nitakachokitafuta basi filamu itakapofika ni ile karamu ya mwanzoni, mabibi wamekaa na vikombe vyao vya chai, mmoja akimtazama binti mfalme usoni kabla ya kusema kitu kuhusu jua.